ANAYERUKA NAYE ALIPE

Ni jambo lisilofichika kwamba uchumi wa visiwa vyetu leo unaitegemea ndege kama zamani ulivyoitegemea karafuu. Mwaka 2023 tulipokea wageni zaidi ya 600,000, na mwaka 2024 wakapindukia 700,000, wengi wao wakishukia Kiwanja cha Abeid Amani Karume. Mvuvi, dereva, msusi wa mikeka na mtumishi wa hoteli, wote wana fungu katika riziki hiyo. Kwa hiyo hatuandiki kwa nia ya kuilaani ndege. Tunaandika kwa sababu safari ya angani ina gharama ambayo anayeruka hailipi, na sehemu ya gharama hiyo inatuangukia sisi.

Yafaa kadhia hii ifahamike kwa ukweli wake. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa tunayotia katika kandili. Kila kilo moja iunguapo hutoa zaidi ya kilo tatu za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni iliyomo hushikana na oksijeni ya hewani. Sehemu ya hewa hiyo hubaki angani kwa karne nyingi, ikizuia joto la dunia lisitoke.

Athari haziishii hapo. Ndege kubwa huruka katika kimo cha kilomita 8 hadi 12, ambako baridi hupindukia nyuzi 40 chini ya sifuri. Huko mvuke wa injini huganda juu ya chembe za masizi ukawa barafu. Ndiyo ile mistari myeupe tuionayo nyuma ya ndege. Penye hewa kavu mistari hiyo hutoweka upesi, lakini penye unyevu hutanda ikawa wingu jembamba kwa saa kadhaa. Mchana wingu hilo hurudisha juu sehemu ya mwanga wa jua. Usiku kazi yake ni moja tu, kuzuia joto. Aidha, hewa za naitrojeni zitokazo katika injini huzalisha ozoni, ambayo katika kimo hicho huongeza joto. Ijapokuwa hewa hizo hizo hupunguza methani kwa kiasi fulani, jumla ya hesabu ni joto kuzidi.

Wataalamu wamekadiria kwamba ndege hutoa kiasi cha asilimia 2.5 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu, na kwamba athari zote zikijumlishwa, mchango wake katika joto ni kiasi cha asilimia 3.5. Wapo watakaosema fungu hilo ni dogo. Lakini mwenye kutafuta haki hutazama pia fungu hilo ni la nani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kuwa asilimia 1 tu ya watu wa dunia ndiyo husababisha nusu ya hewa ya ukaa ya ndege za abiria. Msafiri mmoja atokaye Ulaya kuja kwetu na kurudi hutoa takriban tani moja. Mtanzania wa kawaida, kwa mafuta yote ayatumiayo mwaka mzima, hafikishi nusu ya kiasi hicho.

Na nani anayeumia? Kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani na kuwapa kina mama wengi fedha zao wenyewe, kimedhoofika. Ule mwani mnene, wenye bei nzuri zaidi, haustahimili joto la maji ya kina kifupi. Matumbawe yalipauka mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Huko Pemba, Kisiwa Panza, maji ya chumvi yameingia mashambani. Hatusemi kwamba ndege peke yake ndiyo iliyoyaleta haya. Tunasema kwamba imo katika deni hilo, na kwamba wanaolilipa hawakuwamo katika safari.

Dhulma hii imejengwa na sheria. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliyasamehe ushuru mafuta yaliyomo ndani ya ndege iingiayo kutoka nchi nyingine, na makubaliano mengi baina ya nchi na nchi yakaupanua msamaha huo. Dereva wa daladala hana msamaha wa namna hiyo. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 ukaiacha kazi ya kupunguza moshi wa safari za kimataifa mikononi mwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo mpango wake wa mwaka 2016 unayataka mashirika ya ndege yafidie ongezeko tu, si moshi wote.

Dalili njema zimeanza kuonekana. Mwaka 2025, mjini Seville, Ufaransa, Kenya, Barbados na nchi nyingine ziliungana kutafuta tozo kwa wasafiri wa daraja la juu na wenye ndege za binafsi. Hapo tunaona njia ya haki, kwani mzigo unamwendea mwenye nguvu.

Kwa kuwa mambo ya nje na usafiri wa anga ni mambo ya Muungano, tunaiomba Serikali ya Mapinduzi iifikishe hoja hii kwa Serikali ya Muungano, ili Tanzania nayo iitetee. Pili, fungu maalumu la fedha zitozwazo wasafiri liende kwenye mikoko, mwani wa maji ya kina na hifadhi ya fukwe, na hesabu yake isomwe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Tatu, wanaosimamia utalii wasijivunie idadi ya vichwa pekee. Mgeni mmoja akaaye wiki mbili ni bora kuliko wawili wakaao wiki moja, kwani usiku ni ule ule na safari imepungua.

Viongozi nao wajipime. Msafara mkubwa uliokaa daraja la juu kwenda kulalamikia joto la dunia hauna uso wa kumtaka mwingine alipe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunamkaribisha mgeni kwa mikono miwili, nasi tunataka nusu ya pili ya methali hiyo itimizwe.