Uzamili au Uzamivu?

Kila mwaka vijana wetu wanaomaliza shahada ya kwanza ya hisabati hukabiliwa na swali moja: je, watosheke na Uzamili, au waendelee hata Uzamivu? Sisi twaona kwamba swali hili si la kijana peke yake. Ni la mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome, na ni la Taifa linalongoja walimu.

Kwanza yatupasa kuondoa kosa moja. Wengi hudhani kwamba Uzamivu ni Uzamili uliorefushwa. Sivyo hata kidogo. Mwanafunzi wa Uzamili, kwa mwaka mmoja au miwili, hujifunza hasa yale yaliyokwisha kuthibitishwa na wengine. Wa Uzamivu hutakiwa kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha kabla yake. Aweza kushughulika na swali moja miezi mingi, kisha akatambua kwamba njia aliyoishika haifiki popote. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa tamaa ya kuitwa Daktari.

Pili ni fedha. Huko Marekani vyuo vikuu vingi humpokea mwenye shahada ya kwanza katika Uzamivu, humsamehe ada na kumlipa posho kwa kufundisha, kwa muda wa miaka mitano au sita. Bali mwanafunzi wa Uzamili mara nyingi hujilipia mwenyewe. Katika nchi nyingi za Ulaya, Uzamili hutangulia. Na hapa Afrika, taasisi ya AIMS, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na kufungua kituo Rwanda mwaka 2016, hufadhili wanafunzi wa Uzamili. Basi maskini asidhani kwamba njia ndefu ndiyo ya gharama siku zote.

Tatu ni kazi. Kwa shule ya sekondari, benki, bima au takwimu, Uzamili watosha. Bali atakaye kusimamia utafiti katika chuo kikuu hana budi kupata Uzamivu.

Shauri letu ni hili: asiye na hakika aanze na Uzamili, aonje utafiti katika tasnifu yake, ndipo aamue. Aliye na hakika asizuiwe na woga, kwani bila watu wa namna hiyo tutaendelea kupeleka vijana wetu ng'ambo wakasimamiwe na wengine. Na wazazi wasimwulize kijana ataitwa Daktari lini. Wamwulize ataka kufanya kazi gani.