KONA YA FUNDI: Kompyuta ya gemu inazimika kila mara? Pima kwanza, nunua baadaye

Mwezi huu tunamjibu mama mmoja aliyetuandikia hivi: "Kijana wangu ana kompyuta ya mezani, vijana wa jirani wanalipa kidogo kucheza gemu za mpira. Hela hiyo ndiyo inatununulia sabuni na madaftari. Sasa mchezo ukifika katikati inazimika puu, na wateja wanadai hela yao. Mtu mmoja katuambia kadi ya grafiki imekufa, tununue nyingine. Baba watoto anataka tuuze unga na mafuta ya posho. Tufanye nini?"

Mama, jibu letu ni fupi: msiuze chakula bado. Mtoto akiwa na homa hatumpi dawa yoyote tu, tunampeleka kupimwa. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kuzimika ni homa, siyo jina la ugonjwa. Na vipimo vingi havina gharama.

Kwanza tuelewe kwa nini inasumbua kwenye gemu tu. Ukiandika barua, mashine inafanya kazi kidogo. Ukifungua gemu, prosesa na kadi ya grafiki zinakimbia zote kwa pamoja, zinakula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Basi udhaifu wowote wa joto au wa umeme utajionyesha hapo.

DALILI ZINASEMA NINI
Chukueni daftari. Kila ikizimika, andikeni saa, gemu gani, imecheza dakika ngapi, na umeme ulikuwa wa jenereta au wa sola. Baada ya siku 3 au 4 someni:
- Inazimika ghafla kama mtu amechomoa waya: shuku joto au umeme.
- Inaleta skrini ya bluu yenye maandishi: shuku ramu, draiva au diski. Nakili maneno hayo.
- Picha inajaa mistari na rangi za ajabu kabla ya kuganda: hapo kadi ya grafiki inashukiwa.
- Inasumbua kwenye gemu moja tu, nyingine zinaenda vizuri: futa gemu hiyo uiweke upya.

HATUA YA 1: VUMBI
Hapa kwetu kiangazi vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, sembuse kompyuta yenye feni inayovuta hewa kutwa nzima! Zima, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu. Toa vumbi kwa brashi laini kavu kwenye feni na kwenye mabati membamba yanayopoza prosesa. Shika feni kwa kidole isizunguke. Usitumie kitambaa chenye maji, wala usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Halafu iwashe uangalie: feni zote zinazunguka? Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Mkisafisha, na ile iliyokuwa inazimika dakika ya 10 sasa ikafika dakika ya 40, mmeshajua adui ni nani. Iwekeni mbali na ukuta, juu ya meza, siyo chini kwenye udongo.

HATUA YA 2: UMEME
Jenereta ikibebeshwa mzigo mkubwa, umeme unashuka na kupanda. Jaribuni gemu ile ile wakati majirani hawajawasha vitu vingi, au mahali penye umeme ulio imara. Isipozimika, kosa siyo la kadi, tafuteni stabilaiza. Kagueni pia waya na soketi inayolegea. Kisha someni wati kwenye kibandiko cha pawa saplai. Kadi ya grafiki huchukua hadi wati 75 kutoka kwenye mazabodi, na yenye soketi ya pini 6 huongezewa hadi wati 75 nyingine. Pawa saplai ndogo au iliyochoka hushindwa hapo.
ANGALIZO: Pawa saplai usiifungue hata ukichomoa, ndani inatunza umeme wa kuua. Na kama nyuma ina swichi ya 115 na 230, iache kwenye 230.

HATUA YA 3: RAMU
Zima, chomoa, gusa bati tupu la kasha, kisha toa ramu na uirudishe mpaka ibane pande zote. Zikiwa 2, jaribuni moja moja. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched.exe, bonyeza Enter. Kompyuta itajiwasha upya na kuipima ramu yenyewe.

HATUA YA 4: MACHO YAKO
Angalia kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Vichwa vyake viwe bapa. Vikivimba au kuvuja, bodi inaumwa. Mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 zilipata ugonjwa huo.

HATUA YA 5: NDIPO KADI
Kama mazabodi ina tundu lake la skrini, toa kadi, chomeka skrini hapo na cheza gemu nyepesi. Au azimeni kadi kwa jirani kwa saa moja. Ikitulia kabisa kwa kadi ya kuazima, na kadi yenu ikizima hata mashine ya jirani, hapo sasa mnaweza kusema imekufa.

Sheria moja isisahaulike: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hata ikipona hutajua kilichoiponya, na siku nyingine utanunua vitatu tena.

Neno kwa baba: usimlaumu kijana kwamba gemu zimeharibu mashine. Gemu zimeuonyesha ugonjwa, hazikuuleta. Kaeni naye, mshikie tochi wakati anasafisha. Na akija mtu kusema kitu fulani kimekufa, muulizeni kwa upole: "Umekipimaje?" Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa. Kutoka kambini kwenda mjini kunataka kibali na nauli, kwa hiyo mwende mkijua mnachokitafuta, na daftari lenu mkononi.

Mama, tuandikie umefikia hatua ya ngapi. Wengine wenye maswali, mpeni karatasi anayewaletea gazeti hili. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.