Daftari la Wiki: Waigizaji wa Manila

Wiki hii yote akili yangu imekuwa Manila. Nimekuwa nikisoma habari za tamthilia za kihistoria za Ufilipino na za watu waliozicheza, tangu zile za mwanzoni mwa karne iliyopita hadi zinazochezwa siku hizi, na swali moja limeniganda: mtu anapopanda jukwaani kuwa mtu aliyekwisha kufa, anabeba nini? Kwingi jibu ni maleba na maneno ya kukariri. Kwa waigizaji wa Ufilipino, kuna wakati jibu lilikuwa pingu.

*

Nimekaa sana na juma moja la Mei 1903.

Kwanza hali ilivyokuwa. Hispania ilikuwa imevitawala visiwa hivyo kwa zaidi ya miaka 300. Juni 1898 Wafilipino wakatangaza uhuru wao. Desemba mwaka huohuo, huko Paris, Hispania ikaikabidhi nchi yao kwa Marekani kwa dola milioni 20. Ikafuata vita na Wamarekani. Julai 1902 Rais Roosevelt akatangaza kwamba vita vimekwisha, lakini Sheria Na. 292 ya Novemba 1901 ilikuwa bado inauma: kudai uhuru, hata kwa njia ya amani, kulikuwa kosa. Magazeti yalibanwa, wanasiasa walibanwa. Kilichobaki ni jukwaa.

Ijumaa, tarehe 8 Mei, huko Malabon, kaskazini ya Manila, Teatro Nueva Luna walicheza *Hindi Aco Patay*, yaani Mimi Sijafa, ya Juan Matapang Cruz. Jua la Katipunan, chama cha siri kilichoanzisha mapinduzi dhidi ya Hispania, likachomoza kwenye mandhari nyuma ya jukwaa. Askari wa Kimarekani aliyekuwa amelewa akalirushia chupa. Wenzake wakapanda jukwaani wakayachanachana mandhari. Waliotiwa mbaroni ni waigizaji na mtunzi wao.

Jumapili, tarehe 10, huko Batangas, ikapigwa marufuku *Tanikalang Ginto* ya Juan Abad, mchezo wa msichana aitwaye Liwanag anayevishwa kikuku cha dhahabu kinachogeuka mnyororo. Abad akashtakiwa.

Jumatano, tarehe 13, akafa Apolinario Mabini, waziri mkuu wa kwanza wa serikali ya mapinduzi, kwa kipindupindu.

Alhamisi, tarehe 14, Teatro Libertad mjini Manila wakafungua pazia la *Kahapon, Ngayon at Bukas*, Jana, Leo na Kesho, ya Aurelio Tolentino. Humo Inangbayan ndiye mama nchi, Matanglawin ni serikali ya Hispania, Bagongsibol ni Marekani, na hakuna mtu ukumbini aliyehitaji kuelezwa. Bendera ya Marekani ikaangushwa chini mbele ya watazamaji, Wamarekani wakiwemo. Ukumbi ukachafuka. Tolentino akakamatwa, akahukumiwa, na mwaka 1906 Mahakama Kuu ya nchi ikaithibitisha hukumu yake.

Nawafikiria waigizaji wa Alhamisi hiyo. Malabon si mbali na Manila, na zilikuwa zimepita siku sita tu. Siamini kwamba habari za wenzao hazikuwafikia. Walijua, wakavaa, wakapaka rangi usoni, wakatoka. Mtunzi hutia sahihi kazi yake, na jina lake hubaki vitabuni. Mwigizaji aliyesimama mbele ya chupa ya askari, mara nyingi historia humtaja kwa idadi tu, kana kwamba ni kiti kilichokuwepo jukwaani. Hili linaniuma, na sidhani kama ni Ufilipino peke yake.

*

Ipo pia hila ya maleba ambayo siachi kuifikiria. Arthur Stanley Riggs, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa Manila miaka hiyo, ameandika kwamba rangi za mavazi ya waigizaji zilipangwa kwa makusudi: huyu nyekundu, yule buluu, mwingine nyeupe. Wakitawanyika, ni watu waliovaa nguo. Ikija ishara, wanasogea kama wanaopishana tu, wanakutana, na kwa nukta chache bendera ya mapinduzi inaonekana mbele ya ukumbi mzima. Kisha wanaachana.

Fikiria mazoezi yake. Kila mmoja lazima ajue hatua yake hasa, na akichelewa mmoja hakuna bendera. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliye bendera. Kila mtu amebeba kipande kisicho na kosa. Nimesoma mengi kuhusu kazi ya pamoja katika sanaa, na sijaona mfano unaoushinda huu. Mwaka 1907 ikaja sheria ya kuipiga marufuku bendera hiyo waziwazi, ikadumu hadi 1919.

Riggs hakuzipenda tamthilia hizi hata kidogo. Aliziona ni uchochezi mtupu. Lakini alizikusanya, na maandishi yake ya mwaka 1905, yenye tafsiri za tamthilia kadhaa, yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1981. Wafilipino wenyewe leo wanamsoma ili kujua babu zao walisogea vipi jukwaani.

*

Nirudi kwa Mabini. Mwaka 2015 kundi la Tanghalang Pilipino lilimtolea mchezo wa nyimbo, *Mabining Mandirigma*, ulioandikwa na Nicanor Tiongson na kuongozwa na Chris Millado. Nafasi ya Mabini alipewa mwanamke. Wapo watakaoshtuka. Mimi naona ni uamuzi wa busara sana.

Mabini alipooza miguu mwaka 1896. Alibebwa kwenye machela hadi katika vikao vya serikali, na akili yake ndiyo iliyoandika nyaraka za jamhuri changa. Mahasimu wake walivumisha kwamba ugonjwa wake ulitokana na kaswende. Uvumi huo uliishi miaka na miaka, hadi mifupa yake ilipofukuliwa mwaka 1980 na kuchunguzwa, ikaonekana ni polio. Marekani ilimpeleka uhamishoni Guam mwaka 1901 kwa sababu alikataa kuapa utii. Februari 1903 aliapa, akarudi nyumbani, na hakumaliza miezi mitatu.

Sasa mpe mwigizaji maisha hayo. Sanamu ya Mabini haiapi, haioni haya, haitamani kufia nyumbani. Mwigizaji hana budi kuvipitia vyote hivyo kila usiku, na mwanamke anayemwigiza mwanamume mwenye miguu iliyokufa hawezi kujificha nyuma ya kufanana naye. Watazamaji hawatasema "kafanana naye kweli!" wakaridhika. Itabidi atafute mtu. Ndiyo maana nadhani tamthilia za kihistoria zinazoshindwa, za huko na za kwetu, ni zile zinazomtaka mwigizaji asimame kifua mbele kama picha ya kwenye noti.

*

Si kila historia ya jukwaani ni ya waliopigwa. Mwaka 1637 Manila ilionyeshwa mchezo wa kusherehekea ushindi wa Wahispania dhidi ya Sultani Kudarat wa Mindanao. Kwa karne kadhaa baadaye vijiji vya Wakristo vilicheza komedya, ambamo Mwislamu hushindwa, na mara nyingi hubatizwa. Walioigiza Waislamu hao walikuwa wanakijiji Wakristo wenyewe. Jukwaa likiachiwa mshindi, hufundisha chuki kizazi baada ya kizazi, na Mindanao imelipa.

*

Tamthilia iliyonikosesha usingizi ni *Nana Rosa* ya Rody Vera, iliyochezwa Chuo Kikuu cha Ufilipino, Diliman, mwaka 2019. Ni habari ya Maria Rosa Henson. Alizaliwa mwaka 1927. Mwaka 1943, akiwa na miaka 15, alikamatwa na askari wa Kijapani kwenye kizuizi cha barabarani, akafungiwa kwa miezi tisa pamoja na wasichana wengine, wakibakwa kila siku na wanajeshi. Waliomwokoa ni wapiganaji wa msituni. Akanyamaza karibu miaka 50. Mwaka 1992 alisikia tangazo redioni likiwaita wanawake waliotendewa hivyo, naye akawa Mfilipino wa kwanza kujitokeza hadharani. Akafa mwaka 1997.

Desemba 2017 sanamu ya ukumbusho wa wanawake hao ilisimamishwa kando ya barabara ya Roxas Boulevard, Manila. Aprili 2018, usiku, iliondolewa. Haukupita mwaka, mwigizaji akasimama jukwaani Diliman akiwa Rosa.

Hapa swali langu la mwanzo linakuwa zito kuliko katika Mabini. Jambo hili mwathirika mwenyewe alihitaji nusu karne kulitamka, na mwigizaji analitamka kila jioni, mchezo wa mchana nao ukiwepo siku za mapumziko. Wanawake walionusurika bado wapo, wachache, wazee sana. Akizidisha machozi, amewaibia machozi yao; akiyabana mno, anaonekana kama anasoma hati ya mahakama. Sioni njia nyingine ila kuyaamini maneno ya Rosa mwenyewe, ambaye aliandika kitabu cha maisha yake, na kuyasema yalivyo.

*

PETA, kundi la tamthilia lililoanzishwa na Cecile Guidote mwaka 1967, kwa miaka mingi lilicheza katika uwanja wa wazi wa Rajah Sulayman, ndani ya magofu ya ngome ya Fort Santiago. Hatua chache kutoka hapo mwandishi José Rizal alifungwa kabla ya kupigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896. Wajapani nao waliua watu katika mahabusu za ngome hiyo. Rais Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972, Guidote akakimbilia uhamishoni, na wenzake wakaendelea kucheza palepale.

PETA walikwenda pia vijijini kufundisha wakulima kutunga michezo yao wenyewe, wakichota katika mafundisho ya Mbrazili Paulo Freire. Ni kisima hichohicho walichochota watu wa Kamirithu, Limuru, waliocheza *Ngaahika Ndeenda* mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wake, akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa.

*

Ombi kwa vikundi vyetu, kuanzia Bagamoyo hadi Nairobi. Kila mwaka nasikia malalamiko kwamba hakuna tamthilia mpya za kutafsiri na kwamba hakimiliki ni ghali. Tolentino alikufa mwaka 1915, na kazi yake haina anayeidai ada. Kinachohitajika ni mtu anayekijua Kitagalogi, lugha aliyoiandikia, na katika miji ya Ghuba Waswahili na Wafilipino wanafanya kazi hoteli moja, zamu moja. Akipatikana mmoja aliye tayari kuketi na *Kahapon, Ngayon at Bukas* ukurasa kwa ukurasa, nitaisoma rasimu yote na kuitafutia kundi la kuicheza.