Mtungi Mtupu Si Bomu

Mwandishi mmoja amechapisha hoja hii: vifaa vya kupigia mbizi vizuiwe vyote kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, kwa sababu mtungi wa hewa ni bomu, na mtu wa Kanyenye, Tabora, hana bahari ya kuzamia.

Hatari ya mtungi ni hewa iliyoshindiliwa, mara nyingi hadi bar 200. Itoe hewa, ondoa valvu, mkaguzi achungulie ndani: kimebaki chuma au alumini. Kuuzuia ni kuogopa ala isiyo na kisu.

Vingine vina utaratibu wake. Kisu kiende kwenye mizigo ya kupakiwa. Betri za akiba za lithiamu zibaki mkononi, ncha zimezibwa.

Hoja ya bahari ndiyo dhaifu kuliko zote. Misafara ya Tabora iliunganisha Bagamoyo baharini na Ujiji ziwani, maji kwa maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na samaki wasiopatikana kwingine duniani. Asiyeyajua maji yetu asitupangie mizigo. Mkaguzi afuate kanuni, si woga wa mwandishi huyo.