Mpagazi Hakuandaa Msafara

Toleo hili linahusu mbio za baiskeli za hatua nyingi, zile ambazo mshindi hapatikani kwa siku moja, bali muda wa kila siku hujumlishwa mpaka wiki moja au tatu ziishe. Tumeandika pia habari za dawa zilizopigwa marufuku michezoni, kwa sababu historia ya mchezo huu haisimuliki bila kuzitaja. Msimamo wetu tunautanguliza hapa, ili msomaji aingie kurasa za ndani akiwa tayari kubishana nasi. Mchezo unapomwadhibu mwendesha baiskeli aliyetumia dawa, kisha ukamwacha daktari, meneja na mdhamini waende zao, umemkamata mpagazi na kuupisha msafara.

Mfano huo haukutoka mbali. Njia ya zamani ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7 mwaka huohuo. Safari ilikwenda kwa hatua: kuondoka alfajiri, kirangozi mbele, kutua kambini jua linapokuwa kali, posho kugawiwa, kesho tena. Ugogo walidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Ndui ilipoingia kambini, wagonjwa waliachwa njiani. Mganga wa msafara alikuwa na nafasi yake, na dawa yake ya safari haikuwa siri kwa mtu.

Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo ile walikuwa watu wa ujira. Walilipwa kwa nguo, walijua kupatana bei, na wakidhulumiwa walitua mzigo wakaondoka. Lakini hesabu kubwa ya pembe za ndovu haikufanyikia mabegani mwao. Tippu Tip, mfanyabiashara ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, alikwenda bara kwa mali ya mkopo, na mmoja wa waliomkopesha ni Taria Topan, tajiri wa Unguja. Mkopeshaji alikaa pwani akingoja marejesho. Msafara ukipotea porini, aliyekufa kwa kiu hakuwa yeye.

Tazameni sasa mbio za Ufaransa, zilizoanzishwa mwaka 1903 na gazeti la michezo lililotaka kuuza nakala nyingi zaidi. Siku hizi ni hatua 21 na kilomita zipatazo 3,300, zenye mapumziko ya siku mbili tu. Kila timu ina watu wanane, na kwa kawaida saba kati yao hawakwenda kushinda. Wanakata upepo ili kiongozi wao apande nyuma yao bila kutumia nguvu nyingi. Wanarudi kwenye gari kuchukua chupa za maji. Kiongozi akipasukiwa tairi, mmoja anampa gurudumu lake na kubaki kando ya barabara. Jezi ya njano ya anayeongoza huvaliwa na mtu mmoja, ila hupatikana kwa miguu ya wanane. Nyuma yao kuna mafundi, wakandaji, wapishi, madaktari, mameneja, na kampuni ambayo jina lake limeandikwa kifuani.

Mbio za aina hii zina udhaifu wake. Tatizo la mwendeshaji haliishii katika kwenda kasi leo; kuna kuamka kesho akiwa na damu inayoweza kubeba hewa ya kutosha. Hapo ndipo EPO ilipoingia miaka ya 1990, dawa inayouamsha mwili utengeneze chembe nyekundu za damu zaidi. Ilitumika pia mbinu ya kutoa damu ya mtu, kuihifadhi kwenye baridi na kumrudishia katikati ya mashindano. Lazima awepo anayejua kipimo, anayetunza jokofu, anayevusha mzigo mpakani na anayelipa. Mpanda baiskeli aliyechoka, peke yake hotelini, haya yote hayawezi.

Matukio yenyewe yanasema hivyo. Julai 13, 1967, Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufa akipanda Mont Ventoux, na amfetamini ilikutwa mwilini mwake. Julai 8, 1998, siku chache kabla ya mbio kuanza, maofisa wa forodha walilisimamisha gari la timu ya Festina mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji. Dereva alikuwa mkandaji wa timu, Willy Voet, na gari lilikuwa na mamia ya vichupa vya dawa. Mwaka 2006 polisi wa Hispania walimpekua daktari Eufemiano Fuentes wakakuta mifuko ya damu zaidi ya 200, iliyoandikwa kwa majina ya siri. Mwaka 2012 Lance Armstrong alivuliwa mataji yake saba ya mbio za Ufaransa, ya 1999 hadi 2005, baada ya mashahidi 26 kutoa ushahidi, wakiwemo 11 waliokuwa wenzake katika timu.

Msomaji aangalie ni nani aliyefichua. Mwaka 1998 ni mtu wa forodha. Mwaka 2006 ni polisi. Mwaka 2012 ni binadamu waliokubali kusema. Armstrong alipimwa miaka nenda rudi akaendelea kushinda. Kipimo cha mkojo kina kazi yake, na pasipoti ya kibayolojia iliyoanza 2008, ambayo hufuatilia damu ya mchezaji kwa miaka, imefunga mianya mingi. Lakini mkojo huzungumza juu ya mwili mmoja. Hauwezi kutaja jina la aliyenunua dawa wala la aliyejua akanyamaza.

Kuna pia aliyetua mzigo. Mfaransa Christophe Bassons alikuwa Festina, na wenzake wenyewe walikiri kwamba yeye hakutumia. Mwaka 1999, akishiriki mbio za Ufaransa, aliandika gazetini kwamba hali haijabadilika. Armstrong akamwambia kwamba mchezo huu si mahali pake, wenzake wakamtenga, naye akaondoka mashindano yakiwa bado yanaendelea. Mchezo ulimfukuza aliyesema kweli na kumvisha njano aliyedanganya. Kosa hilo ni zito kuliko la sindano, kwa sababu lilifanywa hadharani na wengi wetu tukashangilia.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika hadithi hii. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimichezo na David Kinjah, mwalimu wa vijana wa baiskeli huko Kikuyu. Aliiwakilisha Kenya kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza, akashinda mbio za Ufaransa mara nne. Septemba 2017, kwenye mbio za Hispania, sampuli yake ilionyesha salbutamoli, dawa ya pumu, kwa kiwango kilichopita mpaka uliowekwa. Habari ilivuja magazetini Desemba, na Julai 2018 kesi ikafungwa bila adhabu, baada ya wanasheria na wataalamu wake kuwasilisha hoja zao na mamlaka kuzikubali. Hatuna sababu ya kumhukumu mtu aliyesafishwa. Tunachouliza ni hiki: kijana wa Nzega au wa Iten, mwenye inhela ileile na sampuli ileile, angempata wapi mtaalamu wa kumtetea?

Kenya kuna mfano mwingine, wa mchezaji aliyebebeshwa lawama peke yake. Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alikutwa na EPO mwaka 2014, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaongeza kifungo chake hadi miaka minne. Uamuzi huo ulitaja ziara zake nyingi kwa daktari. Leo jina linalokumbukwa barabarani ni la Jeptoo; la daktari nani analijua?

Wapo watakaosema tunawatafutia wakosaji kichaka cha kujifichia. Mtu mzima anajua kinachoingia mwilini mwake, na kanuni ya dunia inamfanya mchezaji awajibike kwa chochote kitakachokutwa humo, kwa kusudi au kwa bahati mbaya. Tunaikubali kanuni hiyo. Bila hiyo kila mtu angesema alitiliwa. Aliyedanganya amemwibia aliyemaliza wa pili, na afungiwe. Tunachokataa ni kesi kuishia hapo. Mwaka 2000, mahakama ya Lille iliwatia hatiani Voet na mkurugenzi wa timu, Bruno Roussel. Mwaka 2018, meneja wa Armstrong, Johan Bruyneel, alifungiwa maisha. Kumbe wakuu wa msafara wanafikika, mradi iwepo sheria ya kuwafikia. Pale Madrid, Fuentes aliachiwa huru kwenye rufaa mwaka 2016, kwa sababu damu haikuhesabiwa kuwa dawa kwa sheria iliyokuwapo. Mwanya wa maneno machache uliwatoshea watu wengi kupita.

Sasa turudi nyumbani. Magharibi ya Tanzania ni nchi ya baiskeli. Shinyanga, Kahama na Tabora zilibeba abiria kwenye kerea kabla bodaboda haijafika, na hadi leo mkaa, asali na maji vinasafiri kwa baiskeli. Mbio kati ya Shinyanga na Mwanza zimewahi kudhaminiwa na kampuni ya simu na kujaza watu barabarani. Kila mwaka msafara wa Twende Butiama hukanyaga kutoka Dar es Salaam hadi kijijini kwa Mwalimu Nyerere. Rwanda, iliyoanza mbio zake mwaka 1988 na kuziingiza katika kalenda ya kimataifa 2009, ilipokea mashindano ya dunia Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Mwezi huohuo Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Hakuna sababu ya msingi ya njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kukosa, siku moja, mbio zake za hatua, na Tabora kuwa kambi kuu kama ilivyokuwa.

Zawadi zikikua, muuza dawa atafika pia. Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na dawa hizi mwaka 2016, wakati majina makubwa yalikuwa yameshaanguka. Sisi tutangulie. Kwanza, sheria yetu imtaje na kumwadhibu anayeingiza, anayeuza, anayedunga na anayelipia, si anayedungwa peke yake. Pili, chama cha baiskeli nchini, CHABATA, na Baraza la Michezo la Taifa waweke utaratibu wa kumlinda mchezaji au fundi anayetoa taarifa, asije akawa Bassons wa Tabora. Tatu, elimu ifike kwenye duka la dawa. Tramadoli, dawa ya maumivu, shirikisho la baiskeli duniani liliipiga marufuku mwaka 2019, na wakala wa dunia wa kupambana na dawa hizi akafuata 2024. Efedrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za mafua, nayo ina mpaka wake siku ya mashindano. Kijana anayeshindana Jumapili anaweza kujiharibia miaka kwa dawa ya mafua ya Ijumaa, kama hakuna aliyemweleza. Orodha hubadilika kila Januari mosi. Iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe mahali anapoweza kuisoma.

Wadhamini nao wana deni. Mkataba unaomlipa mpanda baiskeli akishinda tu, na kumwacha bila matibabu akianguka, unamtafutia mshawishi. Tunataka kila mbio zinazodhaminiwa ziwe na daktari anayejulikana, daftari la dawa linaloweza kukaguliwa, na malipo kwa wote waliomaliza, si kwa watatu wa kwanza pekee.

Kuna wasomaji waliokwisha kukata tamaa, wanaosema wote ni wezi na mchezo huu haufai kutazamwa. Tunawaomba wasiondoke. Mtazamaji akiondoka, anayebaki na mchezo ni mfanyabiashara peke yake. Endeleeni kufuatilia, hatua kwa hatua, na mtu akitangazwa kuwa ameshikwa na dawa msiishie kusoma jina lake. Ulizeni timu yake ilikuwa ya nani, daktari wake nani, na nani alikuwa akimlipa. Mkituandikia majibu, tutayachapa.