VITI MAALUM SI VITI VYA BWERERE



Juzi kwenye foleni ya mizani ndugu mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba madiwani wa viti maalum wamekaa kwenye viti vya bwerere, wamekaribishwa tu wakapige makofi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na leo namjibu hapa ukutani, mbele ya wote.

Kwanza tuulizane: viti hivyo hupatikanaje? Wengi tunadhani hugawiwa na Mkurugenzi, au Mbunge. Hata! Ni hesabu ya sheria. Sheria inataka viti maalum vya wanawake visipungue theluthi moja ya madiwani wa kata wakijumlishwa na wabunge wa majimbo yaliyomo katika halmashauri. Uchaguzi ukiisha, Tume ya Uchaguzi huvigawa kwa vyama, kwa uwiano wa kata ambazo kila chama kimeshinda.

Chukueni mfano, na wabunge tuwaweke kando ili hesabu iwe nyepesi. Halmashauri ina kata 30, basi viti maalum ni 10. Chama cha kwanza kimeshinda kata 24, cha pili kata 6. Cha kwanza kitapata viti 8, cha pili viti 2. Sasa kuna chama cha tatu, ambacho katika kila kata kimeshindwa kwa kura chache tu. Hakikupata kata hata moja. Kitapata viti vingapi? Sifuri. Kura za watu wake zimepotea mara mbili: kwenye kata, na kwenye viti maalum.

Kwa hiyo, ndugu, ile karatasi yako ya kumchagua diwani ina kazi mbili. Umesimama juani, umetia alama moja, kumbe umeamua mambo mawili! Nani alikwambia habari ya hilo la pili? Mikutano yote ya kampeni niliyohudhuria, sijasikia mgombea akisema, "Mkinipa mimi kata, chama changu kitampeleka mama fulani barazani." Jina hilo hupangwa ndani ya chama, sisi tunalisikia matokeo yakiisha kutoka. Ubaya uko hapo. Hauko kwa akina mama.

Linganisheni na hapa kijijini. Tarehe 27 Novemba 2024 wajumbe wanawake wa Halmashauri ya Kijiji tuliwapigia kura wenyewe. Twawajua kwa majina na kwao twapajua. Mjumbe akizembea, tunamwuliza kisimani siku hiyo hiyo. Yule wa wilayani je, tutamwuliza wapi?

Mtasema, haya yatuhusu nini? Yanatuhusu mfukoni. Diwani wa viti maalum hukaa katika Baraza lile lile na hupiga kura kama diwani wa kata. Ushuru wa mazao tunaokatwa, na barabara ya ghalani ambayo masika hii imekula ekseli za magari mawili, hayo yote hujadiliwa pale. Tena ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria tangu 2018 imeitenga kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wa hapa kimepeleka maombi mara mbili, karatasi zikarudi. Mara ya pili wakaulizwa kama wamemwona diwani wao wa viti maalum. Wakatazamana. Hakuna aliyejua jina lake, wala yeye hajapata kukanyaga hapa. Hana kata, basi kila kata inadhani ni wa kata nyingine. Mtoto wa wengi hulala njaa, na mjumbe wa wengi ndivyo hivyo.

Wako wanaosema basi vifutwe. Nasema hapana! Nani huchoma shamba kwa sababu ya ngedere? Kata nyingi bado husimamisha wanaume na kuchagua wanaume. Futeni viti hivyo leo, Baraza litakuwa kijiwe cha wanaume kesho. Cha kufanya ni hiki:

1. Mwenyekiti wa kijiji amwandikie barua diwani wa viti maalum aje katika mkutano mkuu ujao, aeleze anafanya nini na sisi tumweleze habari ya mikopo na barabara. Asipokuja, barua ya pili ibandikwe hapa.

2. Kampeni ijayo, kila chama kitakachosimama kwenye uwanja wetu kiulizwe: mama gani mnampeleka viti maalum, na nani kampanga? Asiyejibu tumjue.

3. Akina mama wenye uwezo wagombee kata yenyewe, nasi wanaume tuache kusema kata ni ya wanaume.

Cheo ni dhamana, kiwe cha kata au cha viti maalum. Lakini dhamana isiyodaiwa huoza, na wa kuidai ni sisi.

Ndugu yangu wa foleni ya mizani, kama una jibu, karatasi na kalamu viko kwa Katibu. Ubao huu ni wetu sote.

Mwanachama mwenzenu,
Kamati ya Elimu ya Ushirika