Sahihi ya Matangani Si Ridhaa

Familia moja ninayoifahamu ilimzika baba mwaka huu. Mama alikuwa ametangulia zamani. Matanga hayajaanuliwa, watoto wote sita walikuwa wameshatia sahihi karatasi za wakili, kukubali kwamba maneno aliyoyaandika marehemu katika daftari la hesabu za maziwa yafuatwe mahakamani kama wosia. Maandishi hayo hayana shahidi hata mmoja. Shamba la ekari sita limepewa wana watatu wa kiume. Mabinti watatu wameachiwa ahadi kwamba kaka zao hawatawatupa. Kila ninayemsikia akilizungumzia jambo hili anaisifu familia kwa kutogombania mali. Mimi nasema mabinti wale wamedhulumiwa, na sahihi zao ndizo zilizotumika kuwadhulumu.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haina utata hapa. Wosia wa maandishi unahitaji sahihi ya mwenye mali na mashahidi wasiopungua wawili. Wosia wa mdomo unakubalika pia, ila uwe umesemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema afariki ndani ya miezi mitatu. Daftari lile haliingii katika mlango wowote kati ya hiyo miwili. Kwa hiyo baba yule amefariki bila wosia, na panapokosekana wosia na mjane, kifungu cha 38 kinawagawia watoto sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Ekari sita, watoto sita.

Wanaotetea njia hii wana hoja zao. Wanasema neno la marehemu liheshimiwe hata kama hakujua taratibu, na kwamba kesi ya urithi inaweza kula miaka na thamani ya shamba lenyewe. Hilo la kesi ni kweli. Wengine hutaja nchi za nje: Afrika Kusini mahakama imepewa uwezo wa kuukubali waraka uliokosa masharti, na huko Queensland, Australia, mwaka 2017 jaji alikubali kuwa wosia ujumbe wa simu ambao marehemu aliuandika na hakuutuma. Wasichosema ni kwamba huko Queensland mjane alipinga, ushahidi ukasikilizwa, na jaji akapima kama kweli marehemu alikusudia maneno yale yawe wosia wake. Waraka ulipita katika tanuri. Daftari la maziwa halitapimwa na mtu, kwa sababu wote wameshasema ndiyo.

Na hiyo "ndiyo" ndiyo ninayotaka tuitazame, maana humo ndimo udanganyifu wote ulimo.

Wosia usio halali haugawi kitu. Siku baba alipofariki, kila mtoto alipata haki ya fungu lake kwa nguvu ya sheria. Binti anapotia sahihi ili kaka yake apewe ekari ile, anayetoa si baba. Anayetoa ni binti. Baba hana tena cha kutoa. Hii ni hiba ya mtu aliye hai kwa mtu aliye hai, na ingepaswa kuombwa kama hiba inavyoombwa: kwa kumwambia mwenye mali kwamba hiki ni chako, kina ukubwa huu, nakuomba uniachie, na ukikataa sitakuwa na kinyongo. Ni nani aliyewaambia hivyo mabinti wale? Walichoambiwa ni, "Tia sahihi tutimize neno la baba." Ukimwomba mtu mali yake kwa jina la maiti ambaye kaburi lake bado bichi, umemfungia njia ya kukataa. Akikataa, ataitwa binti aliyemkaidi babake kaburini. Huko si kuomba ridhaa.

Wazee wetu wa mwambao wanaofuata fiqhi wangelielewa jambo hili upesi. Katika sheria ya Kiislamu wosia una mpaka wa theluthi, na wosia kwa mrithi hausimami ila warithi wengine waidhinishe baada ya kifo. Mtoto mdogo hawezi kuidhinisha. Anayekubali, fungu lake ndilo linalopungua. Asiyekubali, lake haliguswi. Yaani sheria hiyo inatambua wazi kwamba mrithi anayeidhinisha anatoa katika haki yake mwenyewe. Kwa nini mawakili wetu wanaandika fomu kana kwamba binti anashuhudia tu utoaji wa babake?

Hapa ndipo subira yangu inapokwisha. Wakili anajua kifungu cha 38. Analipwa kukijua. Kuwawekea kalamu mkononi watu wenye majonzi bila kuwatajia ekari wanazoziacha ni kuwaficha haki yao, na hakuna heshima ya marehemu inayoweza kukifunika kitendo hicho. Tena madhara yake hayarudishiki kirahisi. Hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha mambo ya msingi yaweza kubatilishwa chini ya kifungu cha 76, lakini kifungu cha 93 kinamlinda aliyenunua kutoka kwa msimamizi, hata hati ikibatilishwa baadaye. Binti atakayezinduka baada ya miaka mitano huenda akakuta uzio wa mgeni, na kaka amekwisha kula fedha.

Kanuni ya 40 ya kanuni za mirathi inairuhusu mahakama, pale ambapo hakuna aliyepinga na wote wameridhia kwa maandishi, kuthibitisha mgawo bila mtu yeyote kufika. Ruhusa si lazima. Mahakimu na majaji waache kuitumia kila mgawo unapotofautiana na ule wa sheria. Kila anayepunguziwa fungu aitwe, asimame bila kaka zake, asomewe kwa lugha anayoielewa kile ambacho sheria inampa na kile anachokiacha, kisha aulizwe. Akisema natoa, na aandikiwe kwamba ametoa yeye, kwa jina lake, na ekari zake zitajwe.